Shahidi Asiye na Mdomo

Katika nchi moja, ambayo jina lake tutaliacha lipumzike kwa sababu limetumika sana kwenye mabango, kulikuwa na wilaya iitwayo Lusonge, na huko Lusonge kulikuwa na desturi ambayo serikali haikuijua. Si kosa la serikali. Serikali ina mambo mengi ya kujua, na desturi hii haikuwahi kuomba kibali.

Kila mwaka, mahindi yakishaingia ghalani, fundi Lukanga alikata kipande cha mti laini, mti usiofaa hata kwa kuni, akachonga kinyago. Kinyago hicho kiliitwa Mchukuzi. Alikuwa na masikio mapana kama nyungo, na hakuwa na mdomo. Fundi Lukanga hakuwa mtu wa kubahatisha. Vinyago vyake vya ngoma za jando watu walitoka mbali kuja kuviazima. Lakini Mchukuzi alimchonga vibaya kwa makusudi: mguu mmoja mfupi, pua imekwenda upande, tumbo kama mfuko wa chumvi. Ilikuwa lazima awe mbaya, mtu asije akamtamani akamweka nyumbani.

Alisimamishwa katika kibanda kidogo nje ya kijiji. Watu walipanga foleni, wakaingia mmoja mmoja, kila mtu akamwambia linalomkaa rohoni: nani kamdhulumu, nani anamchukia, nani anaomba apatwe na kuhara siku ya sherehe. Masikio ya kusikia anayo, mdomo wa kusimulia hana. Wote wakishamaliza, alibebwa hadi ng'ambo ya mto, akaachwa kwenye vichuguu, na waliombeba wakarudi bila kugeuka nyuma. Mchwa walimla. Mchwa wakimaliza mti, na maneno nayo yamekwisha. Mtu atakayemwokota na kumrudisha kwenye nyumba, walisema wazee, amejitwisha yote aliyoambiwa, na yatamtokea yeye.

Kwa sababu ya desturi hiyo watu wa Lusonge walikuwa wapole mno. Wakuu wa wilaya walikuja na kuondoka, kila mmoja na kitambi chake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurushiwa jiwe.

Afisa Utamaduni wa wilaya alikuwa Msegu, mzaliwa wa hapohapo, mtu wa kufikiri polepole na kusema polepole zaidi. Kazi yake ilikuwa kukusanya wacheza ngoma kila kiongozi anapopita, na kuwaambia waache kucheza kiongozi anapochoka. Mwaka huo alisimama kwenye foleni kama wengine. Mbele kabisa alikuwa mdogo wake, Nambela, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke mwenye ulimi ambao hata mumewe aliusikilizia chumba cha pili. Nambela aliingia kibandani wa kwanza, akakaa humo hadi watu wakachoka miguu.

"We Nambela!" mtu akapaza sauti. "Umeolewa humo ndani?"

"Acheni haraka," Nambela akajibu kutoka ndani. "Ndiyo kwanza nafika kwa mkuu wa wilaya."

Watu walicheka, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Shimo la udongo mzuri, ambako wafinyanzi wa Lusonge walichimba tangu enzi za bibi zao, lilikuwa limezungushiwa waya na mkuu wa wilaya. Akalijaza maji, akafuga samaki.

*

Wiki hiyohiyo, Waziri wa Utamaduni, Furaha na Nidhamu, Mheshimiwa Sindabi, alipita Lusonge na msafara wa magari. Tumbo lilikuwa likimsumbua, maana kila wilaya aliyoipita asubuhi hiyo ilimpikia pilau. Msafara ulipofika ng'ambo ya mto ukasimama ghafla, Waziri akakimbilia porini, na Msegu, aliyekuja kumpokea, akabaki barabarani ameshika koti lake. Muda si mrefu ikasikika sauti ya mtu anayelia kwa furaha.

"Njooni! Njooni muone babu zetu walichotuachia!"

Waziri akatoka vichakani amempakata Mchukuzi kama mtoto mchanga. Mguu ule mfupi ulikuwa umeshaanza kuliwa.

"Mheshimiwa," Msegu akasema kwa upole, "naomba kirudishwe pale. Hicho kimetupwa."

"Kimetupwa!" Waziri akawageukia waandishi wa habari, machozi yakimlengalenga. "Mnasikia? Hazina ya taifa, imetupwa!"

"Kimetupwa kwa makusudi, mheshimiwa."

"Kwa makusudi ndiyo vibaya zaidi, kijana."

Msegu alikuwa na mvi kichwa kizima. Akafungua mdomo kueleza mara ya tatu, mlinzi wa Waziri akamtazama, naye akaufunga. Akilini mwake alijiambia kwamba mambo mengine hujieleza yenyewe baadaye.

Mchukuzi akawekwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la Waziri, akafungwa mkanda. Msafara ulipopita katikati ya kijiji, watu waliokuwa wakishangilia kwa amri walimwona dirishani, masikio yamegusa vioo vya pande zote mbili, na shangwe ikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Jamani," fundi Lukanga akasema, "kayachukua yote. Na mkanda kayafungia."

*

Mji mkuu ulimpokea Mchukuzi kwa bendi. Profesa mmoja wa Mambo ya Kale alimpima kwa darubini, akamgonga kwa kidole, akamnusa, akatangaza kwamba ana umri wa miaka mia nane. Utomvu, ambao ulikuwa bado unanata vidoleni, aliueleza kuwa ni ufundi wa kale ambao siri yake imepotea. Akaendelea kufafanua. Masikio makubwa yalikuwa ni Kiongozi anayewasikiliza watu wake. Kukosa mdomo kulikuwa ni raia aliyeridhika. Mguu mfupi ulikuwa ni upinzani.

Maelezo hayo yalimpendeza sana Mheshimiwa Mlezi wa Kudumu, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa nchi hiyo tangu kabla watu wengi hawajazaliwa. Kinyago kikawekwa Ikulu ndani ya sanduku la kioo. Picha yake ikachapwa kwenye noti, kwenye kofia za jeshi na kwenye majalada ya madaftari. Shuleni watoto walifundishwa kukichora, na mwanafunzi mmoja aliyekichora na mdomo aliambiwa arudi na wazazi wake.

Msegu aliitwa Ikulu kwa chakula cha mchana pamoja na mabalozi, ili awepo mtu wa huko. Profesa alimwandikia hotuba fupi kuhusu mvua na uzazi, naye akaitia mfukoni. Ila Mlezi hakungoja hotuba. Alimnyooshea uma.

"Huyu ndiye mtu wa Lusonge?"

"Ndiye, Mheshimiwa Mlezi," akasema Waziri Sindabi.

"Haya, tueleze mwenyewe. Hiki mlikitumia kufanyia nini?"

Msegu angeweza kudanganya, lakini kudanganya kulimchukua muda kama kila kitu kingine, na Mlezi alikuwa akimkazia macho.

"Watu hukiambia yanayowakaa rohoni, Mheshimiwa."

"Yapi?"

"Yote."

"Na chenyewe?"

"Chenyewe husikia."

Vijiko vikatulia. Kanali Mtogwa, mkuu wa Idara ya Utulivu, akaliweka chini paja la kuku alilokuwa amelishika. Kwa miaka mingi Idara yake ilikuwa ikilipa watu kukaa vilabuni kunywa pombe ya serikali na kusikiliza wananchi wanasema nini, na mara nyingi waliorudi ofisini walikumbuka pombe tu.

"Yaani," Kanali akasema taratibu, "wilaya nzima imesema kila kitu mbele ya kitu hiki?"

"Ndiyo, Kanali."

"Na sisi tumekitia kwenye kioo, tunakiangalia?"

Alasiri hiyohiyo kioo kiliondolewa. Kinyago kilivuliwa cheo cha Hazina ya Taifa, kikapewa cha Shahidi wa Serikali. Kikapewa pia chumba, kiti, askari wa kukilinda, na chakula asubuhi, mchana na jioni. Chakula alikila askari, lakini kwa niaba.

*

Kwa kuwa Shahidi hakuwa na mdomo, alihitajika mtu wa kumsikia. Msegu akateuliwa kuwa Msikilizaji Mkuu wa Taifa, akapewa suti, gari, na kile kifaa cha daktari cha kusikilizia mapigo ya moyo.

"Kanali," Msegu akasema, "hiki hakisemi."

"Hakisemi, au hutaki kusikia?"

Msegu akaliangalia swali hilo pande zote, akaona lina jibu moja tu lenye afya.

"Nitajaribu," akasema.

"Utafanikiwa," Kanali akasema. Kisha akamweleza, bila ukali, kama daktari anayeeleza dozi. Idara ilikuwa imeshakwenda Lusonge na kuwakamata waliokaa kibandani muda mrefu, kwa hoja kwamba mtu mwenye dogo la kusema hulisema akatoka. Aliyekaa kuliko wote alikuwa Nambela, mfinyanzi, na kuna mashahidi waliomsikia akimtaja mkuu wa wilaya kwa sauti. "Ni dada yako, nimeambiwa. Kinyago kikisema kwamba alichosema ni kidogo, atarudi kwenye vyungu vyake. Kikisema ni kikubwa, hatarudi. Kikinyamaza, nitajua wewe ndiye unayeficha, na hatarudi vilevile. Sisi hatumwonei mtu."

Msegu akakaa chumbani na Shahidi, akaweka kile kifaa kwenye tumbo la mti, akasikiliza. Hakusikia kitu ila mchwa wawili watatu walioletwa pamoja na ule mguu, wakitafuna. Akaenda kuripoti kwamba wananchi wa Lusonge wanalalamikia mbuzi wanaoingia mashambani. Kesho yake akaripoti waume wanaokoroma. Keshokutwa akarudi kwa mbuzi.

"Wilaya nzima inalalamikia mbuzi?" Kanali akauliza.

"Mbuzi wa kule ni wasumbufu, Kanali."

"Nataka majina ya watu. Mbuzi siwezi kuwapandisha kizimbani." Akafikiri kidogo. "Kwa sasa."

Siku hiyo Msegu aliruhusiwa kumwona dada yake gerezani. Nambela alikaa upande wa pili wa nondo, amekonda usoni, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Heh, kaka, umependeza! Suti ya nani hiyo?"

"Ya serikali."

"Inakukaba shingo."

"Nambela, sikiliza. Mle kibandani ulisema nini?"

"Si ndiyo wewe Msikilizaji Mkuu? Kasikilize."

"Dada, usinitanie. Nataka kuwaambia ulikuwa unanilalamikia mimi. Kaka mtu, mambo ya nyumbani. Watakuachia."

Nambela akacheka hadi askari magereza akageuka. "Nikulalamikie wewe, muda wote ule? Una nini cha kulalamikiwa? Kaka Msegu, wewe hujawahi kumfanyia mtu kitu chochote, kibaya wala kizuri. Waziri kakibeba mbele ya macho yako. Ulifanya nini?"

"Nilimwambia kimetupwa."

"Ukamshikia na koti."

Nambela akaacha kucheka, akasogea hadi kwenye nondo, akasema kwa sauti ndogo: "Nisikilize mimi sasa, achana na huo mti. Watakwambia umtaje mtu mwingine ili mimi nitoke. Ukimtaja hata mmoja, fundi Lukanga, au mama Chisunga, au hata yule mlevi anayelala sokoni, nitarudi humu kwa miguu yangu mwenyewe, na wewe usije kunitazama."

Msegu akarudi mjini suti inamkaba. Alikuwa amebanwa pande mbili: atoe majina, hana dada, asiyatoe, hana dada.

*

Wakati huo habari zilishaenea mjini kwamba Shahidi ameanza kusema, na wakubwa wakaingiwa na hamu ya kujua kama wametajwa. Wa kwanza kuja alikuwa Waziri Sindabi. Alimwamuru Msegu akae nje ya mlango, akaingia kusikiliza peke yake.

Msegu akakaa nje. Sauti aliyoisikia kupitia mlango haikuwa ya kinyago. Ilikuwa ya Waziri, ya chini, ya mfululizo, kama maji yanayovuja kwenye bomba. Alipotoka, uso ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyeoga.

"Kimesemaje, mheshimiwa?"

"Kimesema Kanali Mtogwa si mtu mzuri," akajibu Waziri, akaondoka anapiga mluzi.

Kesho yake akaja Kanali mwenyewe. Naye akafunga mlango, naye akasikika akinong'ona muda mrefu zaidi ya Waziri. Akatoka anajifuta macho, akisema ni vumbi, na kwamba Shahidi amethibitisha Sindabi ni mwizi.

Mwanzoni Msegu alidhani labda ni wao tu. Akatafakari, kwa utaratibu wake, akaelewa kwamba jambo lenyewe ni la kawaida. Mtu akifungiwa chumbani na masikio mapana kiasi kile, na mbele yake hakuna mdomo wa kumkatiza, wa kumsifu wala wa kumshtaki, hawezi kusikiliza. Atasema tu, hata akiwa na nyota mabegani. Huko Lusonge mtoto mdogo alilijua hilo, lakini huko hakuna aliyewahi kulichukulia kuwa elimu.

Mwisho akaja Mlezi wa Kudumu. Alimkabidhi Msegu kofia na fimbo yake ya dhahabu, akaingia, akafunga. Sauti yake ilianza kama yuko uwanjani anahutubia. Ikashuka. Ikawa ya mzee. Halafu, kwa mshangao wa walinzi, ikawa nyembamba kama ya mtoto aliyepigwa, na mara moja likasikika wazi neno "mama". Walinzi wakatazama dari. Hakuna aliyesikia neno jingine, na kila mmoja alihakikisha mwenzake anaona kwamba hakusikia.

Mlezi alitoka mwepesi, akala sahani mbili za ugali, akasinzia kitini bila vidonge kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Alipoamka alikuwa na furaha kubwa.

"Kesi ianze," akasema. "Ifanyike hadharani, na irushwe redioni. Nchi nzima isikie watu wa Lusonge walisema nini."

*

Mahakama ilijaa hadi madirishani. Kanali Mtogwa aliendesha mashtaka mwenyewe, kwa kuwa mwendesha mashtaka wa serikali alikuwa amekamatwa kwa kukaa chooni muda usioelezeka. Nambela alisimama kizimbani. Shahidi aliletwa juu ya kiti, amefunikwa bendera. Jaji akamwomba anyooshe mkono wa kulia ale kiapo. Mkono hakuwa nao, basi ikakubaliwa na pande zote kwamba ameunyoosha.

"Msikilizaji Mkuu," Jaji akasema, "iambie mahakama mshtakiwa alimwambia nini Shahidi."

Msegu akapiga magoti, akaweka sikio kwenye tumbo la mti. Alikaa hapo sana. Nambela alimtazama bila kupepesa, maana hakujua kaka yake ataokoa nani kwa kumtaja nani. Hata Msegu mwenyewe alikuwa bado anapanga maneno, moja baada ya jingine.

"Mheshimiwa Jaji," akasema akiinuka, "naomba mwongozo."

"Sema."

"Maneno humu yamekaa kama mahindi ghalani. Yaliyoingia kwanza yako chini. Mshtakiwa aliingia kibandani wa kwanza, kwa hiyo maneno yake yako chini kabisa."

"Basi toa ya juu mpaka umfikie."

"Hapo ndipo naomba mwongozo. Ya juu si ya watu wa Lusonge."

"Ni ya nani?"

Msegu akamgeukia Kanali. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumtazama mkubwa hadi mkubwa akaangalia pembeni.

"Juu ya Lusonge kuna Mheshimiwa Waziri Sindabi. Alikuja Jumanne. Juu ya Waziri kuna Kanali hapa. Na juu kabisa, ambaye ndiye lazima nianze naye, yuko Mheshimiwa Mlezi wa Kudumu. Ameongea kirefu. Nianze?"

Ukumbi mzima ukatulia, na nchi nzima, iliyokuwa imekaa kando ya redio zake, ikausikia utulivu huo vizuri kabisa.

"Uongo!" Kanali akaruka. "Hicho ni kipande cha mti! Hakisemi!"

Jaji akavua miwani. "Kanali, unaiambia mahakama kwamba Shahidi wa Serikali hasemi?"

"Anasema! Ila si hivyo!"

"Basi aendelee?"

"Asiendelee!"

"Mbona Kanali unaniweka pabaya?" Jaji akauliza, naye alikuwa anatoka jasho. "Asiposema, hawa nimewaweka ndani kwa lipi? Akisema, lazima nisikie. Msikilizaji, endelea, lakini taratibu."

Msegu akainama tena, akaweka sikio. "Anaanza hivi, mheshimiwa. Anaanza na mama yake mzazi, siku moja jikoni..."

Redio ya taifa ikapiga wimbo wa gwaride. Iliendelea kupiga wimbo huo siku nzima, na siku iliyofuata. Simu iliyokuwa mezani kwa Jaji ikalia, akaipokea amesimama.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo. Hapana, Mheshimiwa, hata mimi sikusikia kitu, nilikuwa nakohoa. Wote? Ndiyo, wote. Sasa hivi."

Akaweka simu, akatoa hukumu kabla hajakaa: Shahidi wa Serikali ni mgonjwa na hawezi kutoa ushahidi, leo wala siku nyingine. Washtakiwa wote waende makwao, kwa mlango wa nyuma, na bila kusukumana.

Nje Nambela akamkuta kaka yake anafungua shati shingoni.

"Uliyasikia kweli?" akamuuliza.

"Nilisikia mchwa."

Nambela akamsaidia kifungo cha mwisho. "Basi safari hii ningekuwa na kidogo cha kukusema," akasema. "Kizuri."

*

Likabaki swali la kinyago chenyewe. Baraza la Mawaziri lilikaa. Aliyependekeza kichomwe aliulizwa moshi utakwenda wapi. Aliyependekeza kizikwe aliulizwa ni kitu gani kilichozikwa nchi hiyo kikakosa kufukuliwa. Waziri Sindabi alipendekeza kwa sauti ndogo kirudishwe kwa mchwa, na Mlezi akataka kujua nani atamdhamini mchwa. Hatimaye kikamwagiwa zege katika msingi wa uwanja mpya wa michezo, jeshi likapiga mizinga, na Kanali akapiga saluti akiwa amefumba macho.

Kisha ikatoka amri. Ilipiga marufuku kuchonga, kumiliki au kuhifadhi kitu chochote chenye masikio. Vinyago vya jando vikapigwa msasa pembeni. Fundi Lukanga, ili apate riziki, aliwachongea watalii tembo wasio na masikio, na watalii waliwanunua wakidhani ni vifaru waliovunjika pembe. Msegu alinyang'anywa gari na suti, akarudishwa Lusonge kwenye kiti chake kilekile, kusimamia amri.

Mavuno yakafika. Mahindi yakaingia ghalani. Hapakuwa na Mchukuzi, na kibanda kilikuwa kitupu. Hata hivyo siku yenyewe ilipowadia watu walikwenda, kwa mazoea tu, wakapanga foleni. Mbele alisimama Nambela. Nyuma yake mama Chisunga, muuza chumvi, halafu fundi Lukanga, halafu wilaya.

Msegu alikuwepo kikazi, ameshika nakala ya amri, pamoja na askari mmoja aliyetumwa kutoka bomani.

Nambela akachungulia kibandani, akarudisha kichwa nje.

"Ingia basi!" wakapiga kelele nyuma.

"Niingie nimwambie nani? Ukuta?"

Akasimama mlangoni, mikono kiunoni, hajui aende wapi na mzigo wake wa mwaka mzima, na wa gerezani juu yake. Mwisho akamgeukia mama Chisunga.

"Basi nakwambia wewe," akasema.

Akamwambia. Alianza kwa sauti ya kibandani, ya kunong'ona: shimo la udongo, waya, samaki wa mkuu wa wilaya, na vijana wake waliompiga mjomba aliyekwenda kuchimba udongo usio na samaki. Wa nyuma wakasema hawasikii, akaongeza sauti. Alipomaliza, mama Chisunga alikuwa ameshika kidevu.

"Nambela," akasema, "mimi nimekuja kusema hilohilo. Mwaka jana pia nilisema hilo. Nikajua ni langu peke yangu."

"Na mimi," akasema fundi Lukanga. "Mwaka juzi."

"Na mimi," akasema mtu wa nyuma yake, na neno hilo likasafiri kwenda nyuma, kichwa baada ya kichwa, hadi mwisho wa foleni ambako watu hawakuwa wamesikia hata mwanzo wake. Miaka yote hiyo walikuwa wakivusha jambo moja mto, kila mtu kwa siri yake.

Askari akamsogelea Msegu. "Afisa, hii inaruhusiwa?"

Msegu akaisoma amri yote, kwa kidole, kama ilivyokuwa kawaida yake. "Kuchonga kumekatazwa," akasema. "Kumiliki kumekatazwa. Kuhifadhi kumekatazwa. Kuambiana hakumo."

"Sasa mimi nifanyeje?"

Msegu akaikunja karatasi, akamkabidhi askari, akaenda kusimama kwenye foleni. Askari akabaki anaipindua karatasi mbele na nyuma. Kisha akavua kofia, akamfuata.

"Afisa," akanong'ona, "na wewe unalo?"

"Ninalo," Msegu akasema. "Ila twende kwanza, wenzetu wanatuacha."

Foleni ilikuwa imeshaanza kutembea, taratibu, kuelekea bomani.